Fuata Misumari

Kwa niaba ya Tume ya Uimara wa Sakafu za Makazi, ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba uozo wa sakafu katika mji wa Kemerdere umefutwa. Umefutwa kwa Waraka wa Pili, kwa kauli moja, siku ya Jumanne baada ya chai. Mwananchi yeyote atakayeona ubao wa nyumba yake unabonyea, unaota uyoga, au unamwacha mguu mmoja juu na mwingine chini, anaombwa atulie na akumbuke kwamba anachokiona hakipo kisheria. Tangazo hili bado linatumika mpaka leo, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kulitengua hana tena ofisi ya kukalia.

Mimi naitwa Nevzat, katibu wa Tume. Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa kikaoni, na kama yaliyosemwa hayakufaa, kuandika yaliyokusudiwa. Nimezaliwa hapa hapa Kemerdere, chini ya mvua na katikati ya mashamba ya chai kama wenzangu wote. Naandika haya kwa sababu nimechoka. Mtu mzima na heshima zake hawezi kunyolewa kwa amani mji huu bila kinyozi kumuuliza, huku kashika wembe, habari za Mkurugenzi na paka.

Basi tuanze na paka.

Nyumba zetu za zamani ni za mbao, zimekalia kuta fupi za mawe, na kati ya sakafu na ardhi kuna uvungu. Waliozijenga waliacha matundu kwenye zile kuta za mawe, kila upande, makubwa kiasi cha kuingiza kichwa cha mbuzi. Upepo ulikuwa ukiingilia huku na kutokea kule, na hakuna aliyewahi kuwauliza wazee kwa nini, maana sakafu zilikuwepo tu, na watu walizaliwa, wakaoa na kufa juu yake. Siku moja ukaja ujumbe wa serikali kutoka Ankara kutazama urithi wetu. Bwana Tahsin, aliyekuwa Mkurugenzi wa Majengo, akawapanga wageni mbele ya ofisi yetu, ambayo nayo ni nyumba ya mbao ya zamani, akaanza kuwasomea hotuba. Alikuwa amefika pale penye "mji wetu hauna aibu ya kuficha" ndipo paka akatoka kwenye tundu la ukuta, amejaa vumbi, masharubu yamenasa utando wa buibui, akajinyoosha taratibu mbele ya viatu vya wageni.

Kiongozi wa ujumbe, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alimtazama, akauliza, "Na huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Bwana Tahsin alibadilika rangi, akapoteza mstari, akarudia ukurasa ule ule mara mbili. Tangu siku hiyo hakuweza kuona tundu akatulia.

Haukupita muda Tume ikaundwa, Bwana Tahsin akawa Mkurugenzi wake, nasi tukatoa Waraka wa Kwanza: matundu yote ya uvungu yazibwe kwa sementi na yapakwe rangi ya kijani. Sababu za kitaalamu alizitoa mwenyewe, na yeye ni msomi, kasomea lami. Unyevu, alisema, uko nje. Sakafu iko ndani. Unyevu unaingilia wapi? Kwenye matundu. Ziba matundu, unyevu utabaki huko huko nje na mvua yake. Wazee waliacha matundu kwa umaskini, sementi ilikuwa ghali. Tulipiga makofi. Unyevu uliokuwa tayari uvunguni, ule unaopanda kutoka ardhini usiku na mchana, haukuwa na mwakilishi kikaoni.

Mwaka wa pili mji ukaanza kunuka uyoga. Tume haikukaa kimya, iliunda Kamati Ndogo ya Harufu, ambayo ilikaa, ikanusa, ikaamua kwamba hiyo ni harufu ya asili ya ukanda wetu na inafaa kutangazwa kwa watalii. Mbao nazo zikaanza kulainika. Ukizitazama kwa juu ni nzima, zimesuguliwa zinang'aa, lakini ukikanyaga katikati zinashuka kama mkate uliolowa. Hapo ndipo watu wa Kemerdere walipojifunza kufuata misumari. Ubao unapigiliwa misumari pale ulipolalia boriti, kwa hiyo ukitembea juu ya mstari wa misumari, chini yako kuna boriti, na boriti hufa polepole kuliko ubao. Ukiingia nyumba yoyote ya kwetu ulikuta familia nzima inatembea kwa foleni, miguu imebanana, macho chini, mtu kabeba sinia la chai anapita mstari wake bila kumwaga hata tone. Mgeni alijulikana papo hapo kwa kutembea ovyo. Kwangu mimi kulikuwa na sehemu moja mbele ya friji ambayo tuliiruka tu, na mke wangu akaiwekea kiti ili wageni wasiulize.

Tume ikaja na Waraka wa Tatu, kuhusu horon. Hii ni ngoma yetu: watu wanashikana mikono kwa duara, wanatikisa mabega, kisha wanapiga miguu chini kwa nguvu zote mpaka bilauri zinalia kabatini. Hakuna harusi bila horon, afadhali ukose bwana harusi. Tume iliamua kwamba horon ndani ya nyumba ichezwe kwa kukaa. Tulifanya hata maonyesho, wafanyakazi kumi kwenye viti, tumeshikana mikono, tunatikisa mabega na kugusisha vidole vya miguu chini kwa adabu. Mpiga kemenche, fidla yetu ya nyuzi tatu, alikataa kutupigia, akasema yeye ana watoto na hataki waje kuchekwa shuleni. Atakayecheza kwa kusimama, tulisema, atapewa karipio la maandishi na litabandikwa mlangoni kwake.

Waraka wa Nne ulikataza mtu kung'oa ubao wowote wa sakafu bila kibali, na kibali hicho Mkurugenzi akitie saini kwa mkono wake, akiwa amesimama juu ya sakafu inayohusika, kuzuia udanganyifu. Na Waraka wa Tano ndio uliokuwa na meno. Nyumba yoyote itakayobainika kuwa na uozo itachukuliwa na Tume, na mkazi wake atahamishiwa ghorofa ya saba ya jengo jipya nyuma ya kiwanda cha chai. Lifti ya jengo hilo ilikuwa njiani kuja. Ilikuwa njiani tangu jengo lilipojengwa.

Sasa nije kwa Bibi Behiye.

Bibi Behiye ana nyumba juu ya mteremko, nyumba ya baba mkwe wake, yenye roshani inayotazama bahari upande mmoja na chai upande mwingine. Mumewe, marehemu Yakup, kazikwa kwenye bustani ya karanga za miti nyuma ya jiko, kama ilivyo desturi yetu ya kuwaweka watu wetu karibu. Kila asubuhi bibi husimama dirishani na kumpa marehemu habari za hali ya hewa. Nilimsikia mwenyewe: "Leo mvua tena, Yakup, hujakosa kitu." Pia kila Alhamisi alikuwa akimwaga ndoo mbili za maji ya sabuni sakafuni na kusugua mpaka mikono inakufa ganzi, kama wanawake wote wa mji huu ambao wangeona aibu jirani akikuta sakafu kavu. Kwa hiyo sakafu yake ilikuwa inapata maji chini kutoka kwetu na maji juu kutoka kwake.

Alikuja ofisini siku moja na sahani ya dagaa wa kukaanga iliyofunikwa kitambaa, akapita juu ya misumari mpaka mbele ya meza ya Mkurugenzi. Nilikuwepo, nikaandika neno kwa neno.

"Nauliza kwa ajili ya jirani," alisema.

"Jirani yupi, mama?" akauliza Bwana Tahsin.

"Mmoja tu, ana goti bovu kama langu na mume kazikwa bustanini kama wangu. Huyo jirani akikanyaga karibu na jiko, ubao unashuka naye. Anataka kung'oa mbao zilizooza na kuzibua matundu mawili. Afanyeje?"

"Aombe kibali."

"Akiomba?"

"Atakuwa amekiri kwamba sakafu imeoza. Tutaichukua nyumba kwa usalama wake, aende ghorofa ya saba."

"Asipoomba?"

"Basi sakafu yake ni imara."

"Akitumbukia je?"

Bwana Tahsin alitabasamu kwa upole mwingi. "Mama, mtu hatumbukii kwenye sakafu imara. Akitumbukia, atakuwa amejitumbukiza."

Bibi Behiye akaichukua sahani yake ya dagaa, ikiwa bado imefunikwa, akasema jirani atashukuru, akaondoka kwa kufuata misumari. Sitaficha, harufu ya wale dagaa ilituuma wote. Mlangoni alinigeukia mimi, sauti imeshuka, akaniambia, "Nevzat mwanangu, kutoka ghorofa ya saba kaburi la Yakup halionekani. Nilishakwenda kutazama." Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilitaka kusema kitu, lakini katibu haongei kabla ya mwenyekiti.

Alipotoka, Bwana Tahsin alisimama dirishani muda mrefu akiitazama ile nyumba ya mteremkoni. Akasema ingefaa sana kuwa Nyumba ya Wageni wa Tume. Akasema ile roshani inastahili kutumiwa na watu wanaojua thamani ya roshani. Wageni wa kwanza watakuwa yeye na mkewe, kwa majaribio. Papo hapo akaagiza ukaguzi wa nyumba hiyo ufanyike mara tu mavuno ya chai yatakapokwisha.

Kabla ya mavuno kwisha, Bibi Behiye akamwoza mjukuu wake Feride. Bwana harusi alikuwa wa kule ghuba ya pili, kwenye ukoo wa mafundi wa mashua. Tume ilinituma niende kusikiliza kama horon itachezwa kwa kukaa. Nilikaa chini ya upenu wa nyumba mchana kutwa, mvua inanyesha, mwavuli wangu na daftari langu, nikiletewa mkate wa mahindi wa moto na siagi kila nilipoelekea kusimama.

Wajomba wa bwana harusi walifika na zawadi zimefungwa ndani ya mazulia, ndefu kumzidi mtu, na walizibeba begani watu wawili wawili. Nikaambiwa ni mazulia. Muziki ukaanza. Kemenche ikalia, kisha miguu ikaanza kupiga, du, du, du, na kati ya ule mdundo nikasikia kemenche nyingine, nzito, inayokwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na vumbi la mbao likatoka dirishani.

Nikabisha dirisha. Bibi Behiye akatoa kichwa, kavaa mtandio wa sherehe.

"Bibi, hiyo ni kemenche gani?" niliuliza.

"Ya ghuba ya pili, mwanangu. Wenzetu wanakaza sana nyuzi."

"Na hizo kelele za nyundo?"

"Si nyundo. Ni miguu. Wanacheza kwa kusimama wote, hata mimi mwenye goti. Andika. Tumevunja sheria, tena vibaya sana. Nibandikieni karipio."

Nikaandika. Baadaye kidogo vipande vya mbao vikaanza kurushwa nje kupitia dirisha la jiko, vya rangi ya kahawia, vimepasuka vipande vidogo vya mraba na vimeota manyoya meupe. Nilikishika kimoja kikasagika mkononi kama biskuti iliyokaa sana. Nikaambiwa ni meza kuukuu. Ilikuwa meza kubwa mno, kwa maoni yangu, lakini samani za watu si kazi ya Tume. Jioni mafundi wawili walizunguka nyuma ya nyumba na sululu, wakasema wanampandia bibi maua, na kweli kesho yake pale ukutani palikuwa na vichaka vya maua ya buluu, vimeshonana vizuri, mbele ya mahali palipokuwa na sementi yetu ya kijani.

Nilipeleka ripoti yangu. Tume ilikasirika sana kuhusu horon. Karipio lilitolewa, na nilipolipeleka Bibi Behiye alilipokea kwa mikono miwili, akalibandika mwenyewe mlangoni kwa uji wa unga, akalinyoosha pembe zote nne. Nilimwuliza kama hana aibu. Akanijibu kwamba kung'oa ubao kungemtoa kwenye nyumba, na kucheza kumempa karatasi tu, kwa hiyo anacheza.

Mavuno yakaisha, siku ya ukaguzi ikafika. Tulikwenda wajumbe watano. Tukavua viatu mlangoni kama watu wenye malezi, na kidole gumba cha Bwana Tahsin kilikuwa kimetoka kwenye soksi, lakini hilo halimo kwenye muhtasari. Tuliingia kwa foleni, tukifuata misumari.

"Karibuni," alisema Bibi Behiye. "Hapa kwangu kanyageni popote."

Hakuna aliyethubutu. Tulisimama kwenye mstari mmoja kama ndege kwenye waya. Bwana Tahsin akaniamuru mimi nitangulie katikati ya ubao. Nikasema bismillahi, nikamwaza mke wangu, nikaweka mguu. Ubao haukushuka. Nikaweka na wa pili. Ulikuwa umetulia kiasi kwamba nilikaribia kulia. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyojisikia akisimama nyumbani bila hofu.

Bwana Tahsin hakufurahi. Akaja karibu na jiko, pale ambapo jirani yule alisema pabovu, akarukaruka. Kimya. Akaagiza bilauri ya chai iliyojaa iwekwe sakafuni, kisha, akitangaza kwamba analitengua kwa muda katazo la horon kwa madhumuni ya kitaalamu, akashika kiuno akaanza kupiga miguu kwa nguvu zake zote, soksi na kidole chake, jasho linamtoka. Chai ilitikisika. Haikumwagika.

"Mama, umefanya nini hapa?" aliuliza akihema.

"Nimetii sheria, bwana. Matundu si mlikuja kuziba wenyewe?"

Mimi nilihisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu, upepo mwembamba kutoka kwenye nyufa za mbao, wenye harufu ya mvua na majani. Sikuuandika kwa sababu upepo haukuwa kwenye ajenda. Niliona pia kwamba ndoo haipo tena pembeni ya jiko. Badala yake kulikuwa na kitambaa kimoja, kimekamuliwa, kimetundikwa msumarini.

Bwana Tahsin si mtu wa kushindwa kirahisi. Njiani kurudi alishaamua kwamba sakafu ile ni ushindi wa sementi. Ataualika tena ule ujumbe wa Ankara. Atawaonyesha sakafu ya mfano na mwenye nyumba wa mfano, na cheti atampa mbele yao. Lakini alipokuwa anapanda ngazi za ofisi aliniegemea sikioni, akasema, "Yale maua, Nevzat. Juzijuzi hayakuwepo, leo yapo. Sherehe ikiisha tu, tunakwenda kutazama nyuma yake. Nikikuta tundu, ile nyumba ni yangu." Nilipeleka barua ya mwaliko kwa Bibi Behiye, na mdomo ukanishinda, nikamwambia na la maua. Akatazama bustanini kwa Yakup. Kisha akasema atakuja, na kwamba atavaa viatu vizuri.

Siku ya sherehe ofisi yetu ilipambwa. Hapo juu ndipo alipokuwa akiishi Mkurugenzi na mkewe, nyumba ya serikali, na chini ndipo tunapofanyia kazi, kwenye ukumbi wenye zulia jekundu kubwa. Sisi wafanyakazi tulikuwa tumekariri misumari ilipo chini ya zulia. Mkurugenzi hakuwahi kuhitaji kuijua, maana kazi yake ni ya kukaa. Ujumbe ulifika, bwana yule mpole wa miwani mbele. Bibi Behiye aliingia, akapapasa zulia kwa ncha ya kiatu, akapata msumari, akasimama hapo.

Bwana Tahsin alihutubu vizuri. Alieleza jinsi unyevu ulivyofukuzwa mjini. Alipofika kwenye nyumba ya mfano, alisema maneno hayatoshi, afadhali awaonyeshe kipimo cha Tume chenyewe. Akavua koti, akashika kiuno, akaingia katikati ya zulia jekundu na kupiga mguu mmoja.

Wa pili haukupata pa kupiga. Zulia lilimeza miguu yake, kisha magoti, kisha likasimama kiunoni, na harufu ya asili ya ukanda wetu ikapanda ukumbini. Alibaki hapo, nusu mtu, mikono bado kiunoni. Wageni walidhani ni sehemu ya kipimo, mmoja akapiga makofi.

Nilikwenda mbio kuleta msumeno. Bibi Behiye akaniwahi.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ana kibali?"

Kiongozi wa ujumbe akauliza kibali gani. Ikabidi nisome Waraka wa Nne: hakuna ubao kung'olewa pasipo saini ya Mkurugenzi, akiwa amesimama juu ya sakafu inayohusika.

"Nitasaini," alisema Bwana Tahsin. "Lete kalamu."

"Bwana, lazima uwe umesimama," nilimkumbusha kwa heshima.

"Nimesimama!"

"Umesimama kwenye nini, bwana?"

Alifikiri. Miguu yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa haijagusa kitu. Kiongozi wa ujumbe akavua miwani, akaifuta, akauliza sheria inasemaje kuhusu nyumba ambayo sakafu yake imebainika kuoza. Nikasoma Waraka wa Tano wote, pamoja na lifti. Yule bwana akasema sheria ni nzuri sana, aliyeiandika apongezwe, na itekelezwe leo leo. Juu kule mke wa Mkurugenzi akaanza kusikika akifungua makabati.

Kisha akamgeukia Bibi Behiye, akamwuliza nyumba yake yeye imeponaje.

"Yangu sijui, bwana," alisema bibi. "Ila nina jirani. Yeye alikata mbao mbovu zote, akaongeza na kipande cha nzima kila upande, maana uozo unatangulia mbele ya macho. Akaweka mbao za kestane, ule mti wa juu milimani wanaojengea mashua, akazipaka dawa ya chumvi ya mafundi. Chini ya vichwa vya boriti akapanga mawe makavu. Akazibua matundu, akapanda maua mbele yake, upepo ukarudi. Na ile ndoo yake ya Alhamisi akaitupa, siku hizi anafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa. Hilo la ndoo ndilo lililomuuma kuliko yote."

"Huyo jirani yako ni mtu wa maana," alisema yule bwana.

"Ana goti bovu tu."

Yule bwana akachukua cheti mezani, akakitia saini yeye mwenyewe, akampa bibi, akasema nyumba ya jirani isiguswe na mtu, wala maua yake. Bibi Behiye alikikunja, akakitia kifuani. Ndipo akamtazama Bwana Tahsin, na nadhani alimhurumia kweli, kwa sababu alisema hawezi kuachwa pale mpaka chai ya mwakani.

"Kung'oa ni kosa kubwa," alisema. "Kucheza ni karipio tu. Chezeni."

"Kwa kukaa," alisema Bwana Tahsin haraka. "Chezeni kwa kukaa!"

Lakini wafanyakazi wa Tume walikuwa wamekaa miaka miwili. Tulishikana mikono tukamzunguka, tukatikisa mabega, mtu akaanza kuimba badala ya kemenche, tukapiga miguu, mara ya kwanza kwa woga na ya pili kwa moyo wote. Bibi naye alipiga wake, juu ya msumari. Mbao zikaachia. Mkurugenzi akatutazama mmoja mmoja, akashuka uvunguni pamoja na zulia.

Hakuumia. Tulimsikia akitambaa gizani, akikohoa, akitafuta njia. Akagonga ukuta kwa ndani, akaamuru tundu lizibuliwe. Nikamwuliza kwa adabu kama anautengua Waraka wa Kwanza. Kikasikika kikohozi huko chini, kisha sauti ikasema ndiyo, nikaandika, tukatoka nje kwenye mvua na sululu, wageni nyuma yetu na miavuli yao. Ile sementi ilikuwa ngumu, tulikuwa tumeichanganya vizuri. Ilipopasuka tulilipanua tundu kadiri tulivyoweza, na upepo ukaingia kwa kishindo ukiwa umesubiri muda wote ule.

Kikatoka kwanza kichwa, cheusi kwa vumbi, utando wa buibui umenasa kwenye masharubu. Kisha mabega. Mkurugenzi akajivuta mpaka nje, akabaki kwa magoti na mikono mbele ya viatu vya wageni, akijinyoosha mgongo.

Kiongozi wa ujumbe alimtazama kwa upole.

"Na huyu ni wa nani?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejibu.

"Mpeni maziwa," alisema Bibi Behiye, akafungua mwavuli wake, akapanda mteremko kwenda kumwambia Yakup.